Zumaridi za familia zilipoishia nyumba ndogo: uchambuzi wa kisa kimoja cha mirathi ya kifalme Uingereza

Kabla hatujaanza

Wengi wetu tukiona tiara, yaani lile pambo la vito kama taji dogo, kichwani kwa malkia wa Uingereza tunajua hiyo ni mali ya serikali, ikitoka karamuni inarudi Tower of London kwa maaskari. Sio zote bana. Vile vya Tower, yaani taji za kutawazia na fimbo na vinginevyo, hivyo ndio vya ufalme, havigawanywi, haviuzwi, mfalme anavitumia halafu anavirudisha, we fikiria wakfu wa msikiti. Ila tiara, mikufu na hereni nyingi unazoziona kwenye picha za karamu ni mali binafsi ya mtu, na mali binafsi mwenyewe akifa inaenda alikosema yeye iende. Na asiposema inaenda kokote.

Kisa hiki ni cha zumaridi karibu 40 ambazo kila mtu kwenye ukoo alikuwa anaziita "za familia" mpaka siku ilipogundulika kwamba kisheria familia haikuwa na hata moja. Watu wa ukoo wa kifalme nimewataja kwa majina maana huwezi ukamficha malkia, hata ukimwita "Mama M" watu watamjua tu. Yule mama aliyeachiwa mali nimemficha jina na cheo, alikuwa na mume na watoto na kwa somo letu haina haja kumjua.

Usuli: kisanduku cha Frankfurt

Mwaka 1818 Adolphus, Duke wa Cambridge, mtoto wa mfalme George III, alimuoa binti wa Kijerumani anaitwa Augusta wa Hesse-Kassel. Ndoa bado mpya, wako Frankfurt, kuna bahati nasibu ya hisani inachezeshwa, Augusta kanunua tiketi kama mtu mwingine yeyote, kashinda kisanduku. Kufungua, zumaridi. Za aina inayoitwa kabochoni, yaani hazikukatwa pembe pembe kama almasi, zimesuguliwa tu mpaka zikawa na mgongo laini wa mviringo, ukiiweka kwenye mwanga haimetimeti, inang'aa kwa ndani kama kitu kina maji. Zimetofautiana ukubwa kwa hiyo zinapangika vizuri kwenye mkufu, na Augusta akatengenezewa mkufu na hereni.

Yaani chanzo cha hii kasheshe yote ni tiketi ya bahati nasibu. Hazikununuliwa na mfalme, hazikutoka hazina, hakuna aliyempa "kwa niaba ya taifa". Kiini cha kisa ni hapo, mali hii tangu siku ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja mwanamke aliyebahatika.

Augusta aliishi sana, alifariki 1889 akiwa na miaka 91, zumaridi zikashuka kwa binti yake mdogo Mary Adelaide, Duchess wa Teck. Huyu alikuwa mtu wa watu kwelikweli, mnene, mcheshi, mkarimu, London walimpenda, ila hela ilikuwa haikai mkononi. Madeni yalifika mahali 1883 familia ikabidi ihamie Florence, Italia, kuwakimbia wadai. Alikuwa na mumewe na watoto wanne, wa kwanza wa kike wakimwita May, halafu wavulana watatu. May akaolewa 1893 na George, mjukuu wa Malkia Victoria, na huyo May ndiye baadaye dunia ikamjua kama Malkia Mary.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Oktoba 1897 Mary Adelaide kafariki. Hakuacha wasia. Mwanamke mwenye vito vya thamani vile, mwenye watoto wanne na historia ya madeni, hakuacha karatasi. Katika kugawana zumaridi zikaangukia kwa mtoto wa pili wa kiume, Francis, nyumbani walimwita Frank.

Watu huwa wanauliza kwa nini hazikwenda kwa May aliyekuwa binti pekee, na vito vya mama kwa kawaida ni vya binti. Mimi nadhani walimwona May keshaolewa nyumba ya wafalme, atavaa vya huko mpaka achoke, na Frank bado kijana atakuja kuoa, mkewe atazivaa, basi zitabaki kwenye ukoo. Hesabu nzuri. Shida ni kwamba Frank hakuwa mtu wa kuoa.

Frank sasa. Alizaliwa 1870, mwanajeshi, mtanashati, mwenye maneno, na mcheza kamari. Kuna siku kwenye mbio za farasi za Punchestown huko Ireland aliweka dau la pauni 10,000 akapoteza, hana hata robo yake, ndugu wakahangaika kulipa na yeye akapelekwa India apoe. Sio kwamba alikuwa mtu mbaya, miaka yake ya mwisho aliiongoza bodi ya Middlesex Hospital na akaichangishia hela kwa bidii. Ila hakuoa. Alikuwa na mahusiano ya muda mrefu na mama mmoja wa kikabaila, mke wa mtu, aliyemzidi umri zaidi ya miaka 10. Kwa lugha yetu, nyumba ndogo, ingawa hapo hata sijui nani alikuwa nyumba ndogo ya nani.

Halafu ukaja mwaka 1910 mambo yakagongana. Tarehe 6 Mei mfalme Edward VII akafariki, George akawa mfalme na dadaake Frank akawa Malkia Mary, kutawazwa kukapangwa 22 Juni 1911. Tarehe 22 Oktoba, miezi mitano tu baadae, Frank naye akafariki, upasuaji mdogo wa pua ukafuatiwa na ugonjwa wa mapafu, miaka 40. Dada alikuwa anampenda sana huyu mdogo wake hata kama walikuwa wanagombana kwa ajili ya kamari, msiba ulimuuma.

Wasia ukafunguliwa. Zumaridi za bibi Augusta, zile za Frankfurt, Frank kamwachia yule mama.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya Malkia Mary. Umetoka kuzika mdogo wako, miezi nane tu utawazwe mbele ya dunia nzima, na vito vya bibi yako mzaa mama viko kwa wifi asiye rasmi, ambaye ana mume wake nyumbani, na siku yoyote anaweza kuingia navyo kwenye dansi shingoni, na kila mwanamke wa London wa umri fulani atavitambua.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, aliamua kutokwenda mahakamani. Hapa kuna watu wanasema malkia angeshindwaje kesi kwenye nchi yake, lakini ukweli angeshindwa. Sheria ya Uingereza wakati ule ilimpa mtu uhuru karibu wote wa kuusia chake, kwa waliozoea mirathi ya Kiislamu hii inashangaza kidogo kwa sababu kwetu wasia kwa asiye mrithi haupiti theluthi na ndugu wana mafungu yao, ila kule mwanaume asiye na mke wala mtoto angeweza kuacha kila kitu kwa mbwa na dada asifungue mdomo. Hoja ya "hivi ni vya familia" haikuwa na mguu wa kusimamia. Hakukuwa na hati inayosema vitashuka kwa utaratibu fulani, hakukuwa na amana, wala hakuna aliyemwekea Frank sharti alipopewa 1897.

Na kesi ina mdomo. Kufungua kesi ni kusoma wasia mbele za watu.

Kwa hiyo akamtumia ujumbe yule mama na akazinunua. Bei inayotajwa sana ni pauni 10,000, na kama ni hiyo basi ni kiasi kilekile Frank alichopoteza Punchestown, yaani kijana kaigharimu familia hela ileile mara mbili, mara ya pili akiwa kaburini. Yule mama alikubali. Watu wanamsema vibaya lakini mimi sioni kosa lake, aliachiwa kihalali, akaombwa auze, akauza, hakupiga kelele, hakuandika barua gazetini.

La pili, na hili ndilo lililoacha alama kubwa kuliko hata vito vyenyewe, familia iliomba mahakama iufunge wasia wa Frank. Kule wasia ukishathibitishwa unakuwa wazi, mtu yeyote anaenda anaomba nakala anasoma nani kapewa nini. Ombi likapelekwa kwa rais wa kitengo cha mirathi cha Mahakama Kuu na likakubaliwa, wasia ukaingia kwenye bahasha ukapigwa muhuri. Haijawahi kufanyika hivyo kwa mtu wa ukoo wa kifalme kabla yake.

La tatu alizivaa. Hili linaonekana dogo ila sio dogo. Angeweza kuziweka kabatini mpaka stori ipoe. Badala yake alizipeleka fasta kwa Garrard, masonara wa kifalme, zikatengenezwa upya kuwa seti nzima kwa ajili ya safari ya India.

Matokeo

Tarehe 12 Desemba 1911, Delhi, kwenye ile darbari kubwa, yaani baraza la sherehe za kifalme, ambapo George V alijitangaza mbele ya maharaja wa India na kusema mji mkuu unahama kutoka Calcutta kuja Delhi, Malkia Mary alikaa pembeni yake akiwa na tiara mpya ya almasi, na juu ya tiara zimesimama zumaridi 10 za bibi yake. Shingoni mkufu wenye zingine 9, na kwenye mkufu huo inaning'inia almasi ya karati 8.8 iliyokatwa kutoka Cullinan, ile almasi ghafi kubwa ya Transvaal, Afrika Kusini. Hereni na bruchi, yaani pini ya pambo la kifuani, nazo zina zumaridi zile. Mwaka na miezi kidogo tangu zilipokuwa mali ya mtu mwingine kabisa.

Na hapo Delhi kuna kitu kinafundisha kuliko darasa. George hakuweza kusafiri na taji la ufalme kwa sababu vito vya ufalme haviruhusiwi kutoka nje ya nchi, ikabidi atengenezewe taji jingine jipya kwa ajili ya ile siku moja, na likamuumiza kichwa kwa uzito mpaka akaandika kwenye shajara yake. Mkewe alifungasha zumaridi zake kwenye mizigo akaondoka nazo, maana ni zake, hana wa kumwomba ruhusa. Mume na mke wamekaa jukwaa moja, mmoja amevaa mali ya taasisi mwingine amevaa mali yake.

Baada ya hapo zilihama hama. Mary alikuwa mtu wa kubomoa na kujenga, tiara kwake ni kama stuli, leo iko hivi kesho vile. Kufikia 1922 zile 10 zilikuwa zimeshang'olewa juu ya tiara ya Delhi. Mwaka kabla yake, 1921, alikuwa amenunua kwa pauni 28,000 tiara ya Kirusi ya Grand Duchess Vladimir, ambayo ilitoroshwa Petrograd wakati wa mapinduzi na rafiki Mwingereza wa huyo Grand Duchess. Hiyo ina duara 15 za almasi na katikati ya kila duara inaning'inia lulu. Mary akaagiza itengenezwe kwamba lulu zinatoka na zumaridi za Frankfurt zinaingia, kila duara ina kindoano chake kidogo, unachomoa hiki unatundika kile. Inaweza kuvaliwa hata tupu bila chochote, na hapo wapenzi wa vito husema tiara iko "mjane".

Mary alifariki Machi 1953 na safari hii hakuna kilichoachwa hewani, tiara ya Vladimir na zumaridi zikaenda moja kwa moja kwa mjukuu wake Elizabeth II, aliyekuwa amekuwa malkia mwaka uliotangulia akiwa safarini Kenya. Elizabeth alizivaa miaka karibu 70.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kulipa kulifanya kazi. Najua inauma kununua kitu cha bibi yako, ila linganisha na kesi ya Hanover ambayo Mary lazima aliijua. Malkia Charlotte, mke wa George III, alipofariki 1818 vito vyake aliviusia ukoo wa kifalme wa Hanover, Ujerumani, wakati huo Uingereza na Hanover zina mfalme mmoja kwa hiyo hakuna aliyehangaika. 1837 Victoria akapata kiti, Hanover hawakutaka mwanamke, mjomba wake... hapana, baba yake mdogo, Ernest, akawa mfalme kule na akadai vito. Kesi ikasuasua miaka 20, Ernest akafa 1851 haijaisha, mwanawe akaendelea nayo, na 1858 Victoria akalazimika kukabidhi almasi alizokuwa amezivaa tangu ana miaka 18. Miaka 20 ya mawakili na bado akashindwa. Mary kamaliza lake ndani ya miezi.

Na kwa kuwa alinunua, kwa mara ya kwanza umiliki ulikuwa na mwanzo unaoeleweka. Kabla ya hapo ukiuliza "za nani hizi" ungepata hadithi ya Frankfurt na ya mama na ya Frank. Baada ya hapo ni za Mary, alilipia, kwa hiyo hata George alipofariki 1936, na mtoto wao Edward VIII akaingia na kutoka kwenye kiti mwaka huohuo kwa sababu ya mapenzi, zumaridi hazikuguswa na vurugu ile, zilikuwa kwa mama.

Kingine alikata mnyororo wa kugawanya kwa mtoto huyu na huyu. Alipeleka vya maana kwa anayekaa kwenye kiti. Utaratibu huo umepata mbeleko zaidi baadae, makubaliano ya 1993 kati ya serikali na malkia yanasema mali inayotoka kwa mfalme kwenda kwa mfalme anayefuata haikatwi kodi ya mirathi, wakati raia wengine juu ya kiwango fulani wanakatwa asilimia 40. Sasa na wewe ungekuwa na tiara ungempa nani, mtoto wa tatu akakatwe kodi auze, au huyo wa kwenye kiti.

Uchambuzi: kilichofeli

Kosa halikuwa 1910, lilikuwa 1897, na kabla ya hapo 1889. Wanawake wawili wenye mali kubwa wakapitisha vito kwa mazoea. Watu wanamlaumu Frank lakini Frank alifanya jambo moja ambalo mama yake alishindwa, aliandika. Alijua anataka nini kiende kwa nani na akaweka sahihi. Mtu pekee kwenye huu mnyororo aliyefuata taratibu ndiye anayeitwa mpotevu.

Neno "za familia" lenyewe ndio lilikuwa mtego. Kila mtu alilitumia akijua wenzake wanaelewa hivyohivyo, Frank akaelewa "zangu". Kama kweli walitaka zisitoke ukoo njia zilikuwepo na makabaila wenzao walizitumia kila siku, kuweka mali kwenye amana, anayepewa anatumia tu uhai wake halafu zinapita kwa aliyeandikwa. Victoria mwenyewe baada ya kunyang'anywa 1858 alijifunza, baadhi ya vito aliviandika kabisa kuwa vya Taji, vivaliwe na kila malkia ajaye. Mary Adelaide alikuwa binamu yake Victoria na aliyaona yote hayo, hakufanya.

Pembeni kidogo, sisi nasi tuna jiwe kwenye lile kabati. Ile almasi ya pinki ya Mwadui, Shinyanga, iliyopatikana 1947, karati 54.5 ikiwa ghafi na 23.6 baada ya kukatwa, Williamson mwenye mgodi alimpa Elizabeth zawadi ya harusi, na Cartier wakaitia katikati ya bruchi ya ua mwaka 1953. Ilitoka ardhi ya Tanganyika lakini imeingia kama zawadi ya mtu kwa mtu, kwa hiyo iko upande uleule wa zumaridi za Frankfurt, mali binafsi. Ukiwasikia watu wanabishana irudi isirudi, swali la kwanza ni hilo, iko kwenye fungu la wakfu au la mwenyewe.

Tukirudi kwa Mary, kuufunga wasia nako mimi nauweka kwenye kufeli, najua wengine hawatakubali. Lengo lilikuwa aibu ya Frank isijulikane. Muhuri ukapigwa, na leo mtu yeyote mwenye kupenda vito anaijua stori ya Frank na zumaridi, tena anaijua kwa sababu watu walianza kujiuliza kwa nini wasia wa mtu asiye hata karibu na kiti ufungwe. Ungebaki wazi ungekuwa aya moja kwenye magazeti ya 1911 na kusahaulika kufikia kutawazwa.

Na mlango aliofungua haukufungwa. Kilichoanza kama huruma kwa dada mwenye msiba kikawa desturi, akifa mkubwa wa ukoo ombi linapelekwa, wasia unafungwa. Prince Philip, mume wa Elizabeth II, alipofariki Aprili 2021 wa kwake ulifungwa kwa miaka 90, gazeti la Guardian likapinga na likashindwa kwenye rufaa 2022. Jaji aliyetoa uamuzi, Sir Andrew McFarlane, alieleza kwamba yeye ndiye mtunzaji wa sefu yenye bahasha zaidi ya 30 za namna hiyo, za karibuni kabla ya hapo zikiwa ni za Princess Margaret, mdogo wake Elizabeth, na Queen Mother, mama yao, wote wa 2002. Na ile ya zamani kuliko zote imeandikwa juu yake jina la Prince Francis wa Teck.